Habari za Neno "Instead"

Nataka kuwapeni habari za neno moja la Kiingereza ambalo kila mmoja wetu hulitumia tangu Kidato cha Kwanza, nalo ni "instead". Hata mwanafunzi ambaye Kiingereza chake ni cha kubabaisha hulijua. Ukimwuliza maana yake atakujibu upesi, "badala ya", na hapo ndipo matata yanapoanza. Mimi mwenyewe yamenipata, tena mbele za watu.

Siku ya wazazi ya muhula uliopita nilichaguliwa kutoa neno la shukrani kwa Kiingereza. Wiki nzima nilijifunza maneno yangu bafuni na njiani kwenda kuchota maji, hata wenzangu wakachoka kunisikia. Siku ilipofika nikasimama, nikakohoa kidogo, nikaanza kwa sauti kubwa: "Instead of all my fellow students, I thank you." Wazazi walio wengi wakapiga makofi. Lakini mzee mmoja aliyeketi mstari wa mbele alicheka mpaka akavua miwani na kufuta macho. Mwalimu wetu wa Kiingereza hakucheka. Jioni aliniita akaniambia, "Leo umewaambia wazazi kwamba wenzako wote hawana shukrani, mwenye shukrani ni wewe tu." Nikamwambia, "Mwalimu, nilitaka kusema kwa niaba ya wenzangu." Akasema, "Basi nenda maktabani, usirudi kwangu mpaka ujue neno lile limetoka wapi."

Nilikwenda nikaketi na kamusi kubwa, ile ambayo jalada lake limebanduka na kushonwa kwa uzi wa viatu. Haya ndiyo niliyoyapata humo na katika vitabu vingine ambavyo mwalimu alinipa baadaye.

"Instead" si neno moja bali ni maneno mawili yaliyogandana, "in" na "stead". "In" twaijua sote, ni "katika". Hilo "stead" ni neno la zamani sana, la Kiingereza cha kale, kile walichokuja nacho Waangli na Wasaksoni walipovuka bahari kutoka kaskazini ya Ujerumani na Denmark wakaingia Uingereza katika karne ya tano. Wao walisema na kuandika "stede", na maana yake ilikuwa "mahali". Basi "instead of" ni "katika mahali pa". Kwa muda mrefu Waingereza waliyaandika maneno haya mbali mbali, na hata katika miaka ya 1600 wengi walikuwa bado wakifanya hivyo. Katika Biblia yao iliyopigwa chapa mwaka 1611, pale Ibrahimu anapomtoa kondoo dume sadaka mahali pa mwanawe, neno "stead" limesimama peke yake, halijashikana na "in". Habari ile wanafunzi wa Kikristo na wa Kiislamu wote twaijua tangu utoto, na hakuna mfano ulio wazi kuliko huo: mahali palikuwa pa mwana, akasimama kondoo.

Siku hizi Mwingereza hasemi "stead" kwa maana ya mahali, ukimwuliza "which stead do you come from?" atakushangaa. Lakini neno lenyewe halikufa, limejificha ndani ya mengine. "Homestead" ni mahali pa nyumba, yaani boma la mtu na viunga vyake. "Farmstead" ni mahali pa shamba. Kule London kuna mtaa uitwao Hampstead, na jina hilo ni neno lile lile la "homestead" katika sura ya zamani. "Steady" ni mtu au kitu kilichotulia mahali pake, na "steadfast" ni aliyeshikamana na mahali pake hasukumwi. Nalo "bedstead", ambalo leo ni ubao au chuma cha kitanda, hapo kwanza lilikuwa ni mahali tu ambapo kitanda husimama. Ndugu zake wako pia nje ya Uingereza. Wajerumani husema "anstatt", ambayo ni "instead" yao, na mji wao huuita "Stadt". Waholanzi husema "stad", nao waliichukua mpaka Afrika: mji wa Cape Town kwa lugha ya Kiafrikana ni Kaapstad, na ile "stad" ya mwisho ni ndugu wa damu wa "stead" yetu.

Nimesema "yetu" kwa mazoea tu, msinicheke.

Tena nyuma ya "stede" liko shina la zamani zaidi ambalo maana yake ni kusimama. Katika shina hilo yametoka "stand" ya Kiingereza na maneno mengi ya Kilatini, likiwamo lile lililozaa "station". Basi fikirini: mtu akiteremka stesheni ya reli, akaenda kwa miguu mpaka stendi ya mabasi, ametembea kutoka kwa binamu mmoja wa "instead" mpaka kwa binamu wa pili, wala hana habari. Hata "substitute", neno jingine la kazi hiyo hiyo, limetokana na Kilatini, na ndani yake limo shina hilo hilo: ni kumsimamisha mtu chini ya mwingine, kumweka tayari. Sisi tulipotaka neno letu wenyewe la mahali pa kupumzikia njiani tulisema "kituo", nalo limetoka katika kutua, kwa kuwa msafiri wa kwetu alikuwa na mzigo kichwani. Naona neno letu lina huruma zaidi.

Sasa turudi kwenye kosa langu. "On behalf of" nalo nililitafuta. "Behalf" imetoka katika "half", na zamani "half" haikuwa nusu peke yake bali pia upande. Kusema jambo "on behalf of" mtu ni kusimama upande wake na kumsemea. Kufanya jambo "instead of" mtu ni kusimama mahali pake, yeye hayupo hapo. Basi mimi, badala ya kusimama upande wa wenzangu na kutoa shukrani zao, niliwaondoa kabisa nikajisimamisha mahali pao. Ndiyo maana yule mzee alicheka.

Kwa wale walio na mtihani mwaka huu, na mimi nimo, yafaa niseme pia habari za sarufi, kwa maana makosa ni mengi. Sisi twaandika "He went to the field instead of to go to class". Sababu ni kwamba twafikiri kwa Kiswahili, "badala ya kwenda", na "kwenda" tumefundishwa kuwa ni "to go". Lakini mkikumbuka kwamba "stead" ni mahali, kosa litawaondokea lenyewe. Mahali pa nini? Lazima ifuate nomino. Kitenzi kikitaka kuingia hapo hakina budi kuvaa vazi la nomino, na vazi lake kwa Kiingereza ni "-ing": "instead of going to class". Kadhalika hatuandiki "instead of I" bali "instead of me". Na ukitaka kuweka mwenye mahali katikati, waweza kuvunja neno kama wazee wao, ukasema "in my stead", mahali pangu. Hiyo ni lugha ya heshima kidogo, si ya kuombea chumvi mezani.

Tena wao huweza kulitumia peke yake mwisho wa sentensi bila "of": "There was no rice, so we ate ugali instead." Sisi hatuna budi kusema "badala yake", na ile "yake" humrudisha mwenyewe, yaani wali. Kwa Kiingereza wali hautajwi tena. Mahali pake pamebaki, ugali umepakalia. Mfano huu nimeutoa bwenini, na kila mwanafunzi atakuwa shahidi wangu.

Nina sababu nyingine ya kulifuata neno hili, nayo sikupenda kuiandika hapo mwanzo. Wenzangu wa bweni wanajua kwamba mwaka wa kwanza niliitwa "Badala". Mimi sikuchaguliwa kuja shule hii pamoja na wa kwanza. Nilikuwa nimekwisha anza Kidato cha Kwanza katika shule ya kata karibu na kwetu, nikienda asubuhi na kurudi jioni, ndipo baba akaletewa habari kwamba jina langu limetoka katika awamu ya pili, kujaza nafasi za wale ambao hawakuripoti. Baba alikopa nauli kwa jirani. Tranka tuliazima kwa shangazi. Nilifika hapa usiku, wenzangu wakiwa wamekwisha zoeana, kila mmoja ana rafiki yake wa kula naye.

Nikaonyeshwa kitanda. Kwenye chuma cha kichwani palikuwa na jina limeandikwa kwa chaki, na jina lile halikuwa langu. Asubuhi mwalimu alipoita majina kwenye daftari, langu halikuwamo bado. Akaita jina lile la kitandani. Darasa likanyamaza. Nami sijui kwa nini, nikaitika, "Ndiyo, mwalimu." Watu wakacheka sana. Mwalimu aliuliza, akaelezwa, akachukua kalamu nyekundu akalikata jina lile kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika langu kwa herufi ndogo, kwa sababu nafasi ilikuwa finyu. Tangu siku hiyo nikawa Badala.

Mwenye jina lile sikumwona. Mmoja alisema amepelekwa shule ya kulipia, mwingine alisema kwao walishindwa kununua vile vitu vilivyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga, godoro na shuka na viatu jozi mbili. Hilo la pili lilinitesa, kwa kuwa sisi pia tulikuwa karibu kushindwa. Kila nilipokula nilijiona nakula cha mtu. Nilipofaulu hesabu nilijiambia, huenda yeye angefaulu zaidi.

Nadhani neno lenyewe lilikuwa na sehemu katika mateso yale. "Badala" tumelipata kwa Kiarabu, na jamaa zake ni "badili", "badilisha" na "mbadala". Lote lina harufu ya dukani: umenunua tochi haiwaki, unairudisha, unapewa nyingine. Mwenye kuitwa Badala ni kama kitu kilichotolewa ghalani kufidia kilichokosekana. Lakini "instead", nilipoifungua maktabani nikakuta ndani yake mahali tu, haikusema lolote juu ya ubora wa anayesimama wala wa aliyeondoka. Mahali papo, na mtu amesimama hapo. Nilisoma mstari ule wa kamusi mara tatu au nne. Ni ajabu kufarijiwa na kamusi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Hapo nikaanza kuyatazama na maneno yetu wenyewe ya kazi hii, nikaona kwamba Waarabu waliotupa "badala" walitupa na mengine. Twasema "Kaimu Mkuu wa Shule", twasema "Makamu Mkuu wa Shule", na wengi wetu huyachanganya. Yote mawili yametoka katika shina moja la Kiarabu ambalo maana yake ni kusimama. "Kaimu" ni msimamaji, na "makamu" ni mahali pa kusimama. Yaani ni jambo lile lile la "stead"! Katika himaya ya Waturuki maneno haya mawili yaliunganishwa yakawa cheo kimoja, asimamaye mahali pa mwenyewe, na mpaka leo mkuu wa wilaya nchini Uturuki huitwa "kaymakam". Wafaransa nao, kwao mahali ni "lieu", na ndiyo maana Waingereza huandika "in lieu of". Afisa ashikaye mahali pa mkubwa wake walimwita "lieutenant", mshika mahali. Jeshini kwetu cheo hicho kimekuwa "luteni". Basi Mwarabu husimama mahali, Mfaransa hupashika kwa mkono, na shabaha yao ni moja.

"Naibu" ni habari nyingine. Huyu ana dada yake, nalo ni neno "niaba", na wote wawili ni wa shina la kupokezana zamu. Naibu Waziri basi ni mpokea zamu wa waziri. Watawala wa India walichukua wingi wa neno hilo wakalifanya cheo cha "nawab", Waingereza wakalisikia vibaya wakasema "nabob", wakamwita hivyo Mwingereza yeyote aliyerudi kwao kutoka India na fedha nyingi. Nalo "vice", lile la "vice-president", ni la Kilatini na maana yake ya asili ni zamu au mageuzo; halina undugu na "vice" ile nyingine ambayo ni uovu, ingawa huandikwa sawasawa. Mwenzangu mmoja aliwahi kulitafsiri "Rais mwovu" katika jaribio, akapata sifuri.

Tofauti ya kaimu na makamu yafaa kushikwa vema. Kaimu hushika kazi kwa muda, mpaka mwenyewe arudi au ateuliwe mwingine. Makamu ana cheo chake mwenyewe hata mkubwa akiwapo ofisini. Mwezi Machi mwaka 2021 nilikuwa bado shule ya msingi. Rais John Pombe Magufuli alifariki tarehe 17, na tarehe 19 Makamu wa Rais, Mama Samia Suluhu Hassan, aliapishwa. Siku zile nilimsikia mtu mzima kijijini akisema kwamba sasa tuna kaimu Rais. Mwalimu wetu wa uraia alimsahihisha papo hapo: Katiba haisemi kaimu. Ibara ya 37 yasema kwamba Rais akifariki, Makamu wa Rais ataapishwa na atakuwa Rais kwa muda uliobaki. Atakuwa Rais, si mfano wa Rais. Mimi wakati ule nilisikiliza kama mtoto asikilizavyo habari za wakubwa. Nilikuja kuyakumbuka maneno yale baada ya miaka kadhaa, nimelala kwenye kitanda chenye jina la mtu mwingine, nikajiuliza kama mimi ni kaimu au ni mwanafunzi.

Nilimpelekea mwalimu wa Kiingereza haya yote katika karatasi sita. Alisoma, akasahihisha nukta na vituo, akaniuliza swali moja tu: kama ningesimama tena siku ya wazazi ningesemaje? Nikajibu, "On behalf of my fellow students." Akasema vema. Kisha akanitaka nitunge sentensi kumi zenye "instead", nami nimechagua tano kati ya hizo niwape ndugu zangu wa Kidato cha Pili na cha Tatu wazifanye kwa Kiingereza wakati wa likizo. Wazazi wanaojua wanaweza kuwasaidia, lakini wasiwafanyie. Hilo lingekuwa "instead" mbaya.

Mwalimu wa zamu alikuja mwenyewe badala ya kumtuma kiranja. Hatukupata uji, tukanywa chai badala yake. Nilipoumwa, kaka yangu alikwenda shambani mahali pangu. Natoa shukrani kwa niaba ya bweni letu (angalieni sana hii, kuna mtego). Nilikuja shule hii badala ya mvulana nisiyemjua, na kitanda chake nimekilalia miaka minne.

Majibu nitayabandika kwenye ubao wa matangazo, karibu na mlango wa maktaba, wiki ya kwanza ya muhula ujao.